Mgeni Naye Ana Kazi: Ukarimu wa Chumba cha Chai cha Kijapani

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliobanana kwenye mabenchi kwa sababu ukumbi umekuwa mdogo: ahsanteni kwa kunialika.

Mwalimu aliyenipigia simu alinieleza kwamba muhula huu mnasoma somo la kuwahudumia wageni, na kwamba limewafikia neno moja la Kijapani, omotenashi, ambalo kila mtu analitaja na hakuna anayelieleza. Neno hilo lilivuma duniani mwezi Septemba 2013, pale mtangazaji wa televisheni wa Kijapani, Takigawa Christel, aliposimama jijini Buenos Aires kuiombea Tokyo michezo ya Olimpiki, akalitamka silabi moja moja huku mkono wake ukigusa hewa kwa kila silabi, kisha akaunganisha viganja na kuinamisha kichwa. Tokyo ilipewa michezo, na neno likapewa umaarufu ambao pengine halikuuomba. Limetokana na kitenzi motenasu, yaani kukirimu, likatanguliwa na "o" ya heshima. Wapo wanaolichezea na kulifasiri kuwa "bila uso wa mbele", wakimaanisha ukarimu usio na unafiki. Tafsiri hiyo inapendeza masikioni, lakini si asili ya neno.

Nilisoma Kyoto kwa miaka miwili, na kila Alhamisi jioni nilikwenda nyumbani kwa bibi mmoja aliyekuwa akifundisha chai, ambaye sitamtaja jina kwa sababu asingependa. Nilichojifunza kwake kinapingana na kauli ambayo bila shaka mmekwisha kuisikia darasani, kwamba mteja ni mfalme. Katika chumba cha chai hakuna mfalme. Mwenyeji ana kazi yake na mgeni ana kazi yake, na ukarimu ni kitu wanachokitengeneza pamoja. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na mengine yote nitakayosema ni ushahidi wake.

Historia nitaipitia kwa haraka. Chai ya unga, ile wanayoiita matcha, ilipata mizizi Japani baada ya mtawa Eisai kurejea kutoka China mwaka 1191. Eisai aliisifu chai kama dawa, na mwaka 1214 inasemekana alimpelekea shogun, yaani mtawala wa kijeshi, Minamoto no Sanetomo, bakuli la chai alipokuwa akiugulia ulevi wa usiku uliotangulia, pamoja na maandishi ya kuisifu chai hiyo. Kwa hiyo msishangae mkisikia kwamba sanaa hii tukufu ilianza na mtu mwenye kichwa kinachogonga. Baadaye chai ikawa mchezo wa wakubwa, wakishindana kutambua majani na kuonyeshana vyombo vya thamani kutoka China, mpaka katika karne ya 15 Murata Juko alipoihamishia kwenye chumba kidogo na vyombo vya kawaida. Takeno Joo akaiendeleza, na mwanafunzi wake, Sen no Rikyu, mtoto wa mfanyabiashara wa bandari ya Sakai aliyezaliwa mwaka 1522, akaifikisha mahali ambapo mpaka leo haijahama sana.

Kwa Rikyu ndipo ninapotaka tutue mizigo.

Rikyu alimtumikia Toyotomi Hideyoshi, mtu aliyetoka katika ukoo wa chini akapanda mpaka kuitawala Japani nzima. Hideyoshi alikuwa na chumba cha chai kilichofunikwa kwa dhahabu, cha kubomolewa na kubebwa, na mwaka 1586 alikitumia kumwandalia mfalme mkuu chai. Katika miaka hiyo hiyo Rikyu alikuwa akijenga vibanda vya udongo na mianzi. Kimoja kinachoaminika kuwa ni chake, Tai-an, bado kimesimama Yamazaki, kati ya Kyoto na Osaka, na sehemu wanayokaa watu ina ukubwa wa mikeka miwili tu ya tatami, yaani zaidi kidogo ya mita tatu za mraba. Pimeni kwa macho: ni kama kitanda kikubwa cha hoteli. Humo alikaa mwenyeji na wageni, na moto, na maji yanayochemka.

Mlango wa kuingilia vibanda hivyo una kimo cha sentimita 66 hivi na upana mdogo kidogo kuliko huo. Hauingiliki kwa kutembea. Unapiga magoti nje, unaweka ngumi mbili juu ya mkeka, unapenyeza kichwa, kisha unajivuta ndani kama mtoto anayetambaa. Nje, chini ya paa, kuna rafu ya mbao: ndipo samurai alipoacha upanga wake, kwa kuwa mlangoni humo upanga haupiti kwa heshima. Sasa mfikirieni jemadari ambaye asubuhi watu walimlalia kifudifudi, na alasiri anaingia kwa magoti mahali ambapo anayemngojea ni mtoto wa mfanyabiashara. Sidhani kama limewahi kutungwa somo la usawa lililo fupi kuliko mlango huo, na halina hata neno moja.

Mwaka 1587 Hideyoshi aliitisha mkutano mkubwa wa chai kwenye viwanja vya Kitano, Kyoto, akatangaza kwamba aje yeyote, hata mtu wa kawaida, alimradi awe na birika, bakuli na mkeka, na asiye na chai alete hata unga wa nafaka iliyokaangwa. Mkutano ulipangwa uchukue siku kumi. Ulivunjwa baada ya siku moja. Miaka minne baadaye, mwaka 1591, Hideyoshi huyo huyo alimwamuru Rikyu ajiue, naye akajiua. Sababu inabishaniwa hadi leo, ingawa inayotajwa sana ni sanamu ya Rikyu iliyowekwa ghorofani kwenye lango la hekalu la Daitoku-ji, hata ikawa kila apitaye hapo, Hideyoshi akiwemo, anapita chini ya miguu yake. Kizazi cha Rikyu hakikufa. Vitukuu wake watatu walianzisha nyumba tatu za chai, Omotesenke, Urasenke na Mushakojisenke, ambazo bado zinafundisha.

Sasa tuingie kazi ya mwenyeji.

Kikao kamili cha chai huchukua muda wa saa nne hivi: moto wa mkaa unapangwa mbele ya wageni, chakula kinaliwa, wageni wanatoka bustanini kupumzika, wanarudi kwa chai nzito inayonywewa katika bakuli moja linalopita mkono hadi mkono, kisha chai nyepesi, kila mtu na bakuli lake. Lakini saa nne hizo ni ncha ya sindano. Yule bibi aliyenifundisha alikuwa akianza siku kadhaa kabla. Anachagua maandishi ya kutundika kwenye lile shubaka la chumba, ambalo mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe angeliona akakumbuka zidaka za kwao. Anachagua ua, mara nyingi moja tu, na analiweka jinsi linavyosimama porini. Anachekecha unga wa chai ili usifanye madonge. Anaangalia nani atakuja, nani alikwisha kuliona bakuli gani, nani magoti yanamsumbua.

Asubuhi moja ya Novemba niliwahi kufika mapema, nikamkuta bustanini amechuchumaa, akifuta mawe ya kukanyagia kwa kitambaa, jiwe baada ya jiwe. Alipomaliza akachukua kata ya mwanzi na ndoo, akanyunyizia maji njia nzima, mawe yakawa meusi na ukoka ukang'aa. Nikamuuliza kwa nini anamwaga maji na jana yake mvua ilikuwa imenyesha. Akanijibu kwamba mawe yaliyolowa yanamwambia mgeni, "niko tayari, ingia", naye hatalazimika kubisha wala kuuliza. Penye njia panda palikuwa na kijiwe cha ukubwa wa ngumi, kimefungwa kamba nyeusi kwa msalaba. Kijiwe hicho maana yake ni usipite huku. Hakuna kibao kilichoandikwa "hairuhusiwi", hakuna mshale, hakuna mlinzi. Mgeni anaongozwa bila kuamrishwa.

Inasimuliwa kwamba mwanafunzi alimwomba Rikyu siri ya chai, naye akamtajia mambo saba. Tengeneza chai inyweke vizuri. Panga mkaa ili maji yachemke. Ua liwe kama lilivyo shambani. Wakati wa joto lete ubaridi, wakati wa baridi lete joto. Uwe mbele ya wakati. Jiandae kwa mvua hata kama hainyeshi. Wajali wenzako mlioketi nao. Mwanafunzi akasema hayo yote anayajua. Rikyu akamjibu kwamba kama anaweza kuyatenda bila kukosea, basi yeye Rikyu atakuwa mwanafunzi wake.

Hilo la joto na baridi ndilo ambalo ningependa mliangalie kwa karibu, kwani linaonekana katika vyombo vyenyewe. Kuanzia Novemba moto unawekwa katika meko iliyochimbwa sakafuni, karibu na wageni, na bakuli linakuwa la kina ili chai isipoe. Kuanzia Mei moto unahamishiwa kwenye jiko la juu, mbali na wageni, na bakuli linakuwa la wazi na la kina kifupi ili mvuke utoke upesi. Chungu cha chuma kinapoanza kuchemka hutoa mlio ambao Wajapani wanauita upepo katika misonobari. Kabla ya chai unaletewa kitu kitamu, kwa kuwa matcha ni chungu; na hapo, ndugu zangu, mzee yeyote wa barazani aliyezoea kutafuna kashata kabla ya kahawa chungu hahitaji mwalimu.

Kuna kisa kimoja cha Rikyu ambacho nakipenda sana. Palikuwa na mpenzi mmoja wa chai, mtu wa maisha duni, aliyeishi Moriguchi. Usiku mmoja wa baridi Rikyu alikuwa safarini, akaamua kumpitia bila taarifa. Mwenyeji akafurahi, akamkaribisha ndani, kisha Rikyu akamwona kupitia dirishani akitoka bustanini na taa na upondo, akiangua tunda la yuzu, jamii ya ndimu, moja, halafu jingine. Rikyu akafurahi mno: huyu ndiye mwenyeji wa kweli, anamwandalia mgeni wa ghafla kile alicho nacho uani. Yuzu likaja limetiwa ndani ya rojo la soya, vinywaji vikapita, kisha mwenyeji akaleta mkate wa samaki, laini, akisema umetoka Osaka. Uso wa Rikyu ukabadilika. Chakula cha namna hiyo hakipatikani usiku kwa ghafla. Kumbe kuna mtu aliyemtonya mwenyeji kwamba Rikyu atapita, na mshangao wote, na taa, na upondo, ulikuwa maigizo. Rikyu akasema ana shughuli Kyoto, akaondoka, wala hakuzuilika.

Wengine wakisikia kisa hiki humlaumu Rikyu kwa ukali, na kwa kweli kumwacha mtu maskini na chakula chake mezani si jambo dogo. Kwetu angeitwa mgeni asiye na adabu. Mimi nilimlaumu kwa muda mrefu. Siku hizi ninamwelewa zaidi. Kujiandaa hakukuwa kosa, maana yeye mwenyewe aliagiza watu wajiandae kwa mvua isiyonyesha. Kosa lilikuwa kujiandaa kisha kujifanya hukujiandaa, ili mgeni akusifu kwa wepesi usio nao. Maandalizi ya chai yanafichwa ili mgeni asijione mzigo. Ya yule bwana yalifichwa ili yeye mwenyewe aonekane mkubwa. Ninyi mtakaosimama mapokezi mkitabasamu saa nane mfululizo, mtakuja kuijua tofauti hiyo kwa misuli ya mashavu.

Nageukia mgeni sasa, ambaye vitabu vya huduma humsahau, au humtaja kama mtu wa kupokea tu.

Mgeni wa chai anajifunza. Nilitumia miezi mitatu ya mwanzo bila kugusa birika. Nilikuwa nikifundishwa kuwa mgeni. Unakuja na soksi nyeupe safi za kubadilisha mlangoni. Unaingia, unakwenda kwanza kwenye shubaka, unainama mbele ya maandishi, unatazama ua, kwa sababu mtu alihangaika kuvichagua na ni haki yake kwamba vitazamwe. Bakuli likifika, unamgeukia aliyeketi baada yako na kumwambia "osaki ni", yaani niwie radhi, nakutangulia. Ndipo unapomwinamia mwenyeji kumshukuru. Unalinyanyua kidogo bakuli kama mtu anayetoa shukrani, kisha unalizungusha mkononi, kwa sababu mwenyeji amekugeuzia upande wake ulio mzuri, na wewe huuwekei mdomo upande huo. Mmeona? Yeye amekupa ubora, wewe unauepuka kwa heshima. Kila mmoja anampisha mwenzake. Unakunywa, na funda la mwisho unalivuta kwa sauti, ili mwenyeji ajue umemaliza bila kulazimika kukuchungulia. Halafu unalitazama bakuli tupu, viwiko vikiwa vimekaribia magoti, chini kabisa, ili likiponyoka lisivunjike.

Mgeni mkuu, yule wa kwanza, ana kazi zaidi. Yeye ndiye anayeuliza kwa niaba ya wote: chai imetoka wapi, kile kijiko chembamba cha kuchotea chai kimechongwa na nani na kina jina gani, kwa kuwa vijiko hivyo hupewa majina kama mashua zetu. Akiuliza vizuri, mwenyeji anapata nafasi ya kusema lile aliloliandaa bila kujisifu. Asipouliza, maandalizi ya siku tano yanabaki bubu.

Hapa niwakirie kosa langu. Kikao changu cha kwanza cha wageni wa nje nilikwenda na saa kubwa ya chuma mkononi, zawadi ya kaka yangu, na nilikuwa nikijivunia. Bakuli lililokuwa likipitishwa lilikuwa la udongo laini wa Raku, aina ambayo familia ya Raku imeifinyanga tangu enzi za Rikyu, na chuma kikiligonga linapata alama isiyofutika. Hakuna aliyeniambia kitu. Mama mmoja mtu mzima, aliyeketi kati yangu na mgeni mkuu, alinitazama mara moja, kisha kwa utaratibu mkubwa akaivua pete yake, polepole kuliko inavyohitajika, akaizungusha kwenye vidole kama anayeikagua, akaitia ndani ya mkono wa kimono yake. Nikaona. Nikaivua saa, nikaitia mfukoni. Bakuli likanifikia baada ya dakika kumi, na mwenyeji, mpaka leo, hajui kwamba lilikuwa hatarini.

Lile la saba katika maneno ya Rikyu, la kuwajali wenzako mlioketi nao, nililijua siku hiyo maana yake. Mama yule hakuwa mwenyeji. Alikuwa mgeni kama mimi, amealikwa kama mimi, na kama angeamini kwamba mgeni ni mfalme angengoja mwenyeji anisahihishe, au angeninong'oneza nikaona haya mbele ya watu wote. Aliulinda ukarimu wa nyumba isiyo yake kwa kuvua pete yake mwenyewe.

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na tumezoea kuitumia methali hiyo kwa mzaha, pale kuku anapochinjwa na watoto wa nyumba wanapata kipaja. Lakini ukiitazama vizuri inamtwika mgeni wajibu: kuja kwake kuwe tiba. Ile nyingine, ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, inamngojea mgeni siku tatu ndipo impe kazi. Wajapani wa chai wamempa jembe kabla hajavua viatu.

Sitaki mwondoke hapa mkidhani kila bakuli la matcha Japani linanywewa hivi. Vipo vikao vya mamia ya watu ambamo unasukumwa kutoka chumba hadi chumba kama abiria wa kivuko, na zipo ada za vyeti na bei za vyombo ambazo zingemshangaza Rikyu, au pengine zisingemshangaza, maana aliishi na Hideyoshi. Ipo hata namna ya chai ya kukalia viti, iliyobuniwa na nyumba ya Urasenke mwaka 1872 kwa ajili ya maonyesho ya Kyoto, ili wageni wa nchi za nje wasioweza kupiga magoti wapate kukaribishwa. Wapo wanaoidharau kuwa si ya asili. Mimi naiona ni ya asili kabisa: mwenyeji ameyafikiria magoti ya mgeni kabla hayajauma, jambo ambalo miguu yangu, iliyokufa ganzi kila Alhamisi kwa miaka miwili, inaliafiki.

Nimebakiza mtu mmoja. Ii Naosuke alikuwa waziri mkuu wa serikali ya shogun, aliyebeba lawama ya mkataba wa mwaka 1858 na Marekani, akauawa na mapanga nje ya lango la Sakurada, theluji ikianguka, mwaka 1860. Mtu huyu wa siasa ngumu alikuwa bingwa wa chai, na ndiye aliyeipa nguvu kauli ichi-go ichi-e, kwamba kila kikao ni cha mara moja katika maisha, hata kama watu ni wale wale na chumba ni kile kile. Aliandika pia juu ya kile anachopaswa kukifanya mwenyeji kikao kikiisha. Wageni wanatoka kwa ule mlango mdogo, wanageuka, wanainama kimya. Mwenyeji anaufungua, anainama, anawasindikiza kwa macho mpaka njia inapopinda. Asifunge mlango kwa kishindo, asikimbilie kukusanya vyombo. Arudi taratibu ndani, aketi peke yake mbele ya moto, aitazame mikeka iliyoachwa wazi, na afikiri kwamba sasa hivi watakuwa wamefika mahali fulani njiani. Maji bado yanachemka kidogo. Akitaka, ajitengenezee bakuli moja, anywe.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.